Maji ya Beseni

Katika ndoa yao yote, Baba alikuwa akijikwaa kwenye ndala ya Mama, na kila akijikwaa alitoa hotuba ile ile.

"Nyumba hii ina watu wazima wawili," alikuwa akisema, akijishika kwenye kochi, "na ndala moja iliyowashinda."

Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye krosheti yake. "Pita kule."

"Kule wapi?"

Na kwa hilo Baba alikuwa na haki. Sebule yetu haikuwa na kule. Ilikuwa na kochi, meza ndogo ya redio, kiti cha Mama karibu na dirisha, na kinjia cha kupita mtu mmoja tena mwembamba. Katikati ya kinjia hicho ndipo ilipolala ndala ya kulia ya Mama, kila jioni, mgongo chini. Ya kushoto ilibaki mguuni kwa adabu zake.

Naanza na ndala kwa sababu nikianza na krosheti nitalia, na sitaki kulia mapema.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na kibanda chake barabarani, kati ya muuza vioo na mtengeneza saa, na humo alishona sare za shule, akabadilisha zipu, akapunguza suruali za wanaume waliokonda na kuachia za wale walionenepa. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Kutwa nzima mguu wake ulikuwa unakwenda, na ukipita nje ulisikia ule mlio kabla hujamwona mwenyewe. Jioni alifunga kibanda, akarudi nyumbani, akaoga, akavaa gauni lake refu la kushindia ndani, akakaa kitini na kuanza kufuma. Watu walimshangaa. Walimuuliza kama hachoki na uzi.

"Ule wa kule ni wa watu," aliwajibu. "Huu ni wangu."

Wazo la kitambaa chake nililiona likizaliwa, na si kwa kujisifu, maana mimi ndiye niliyegonga beseni. Tulikuwa tunafua uani. Mapovu yalikuwa yamekwisha, tumefika kwenye maji ya kusuuzia, nami kwa uvivu wangu wa kitoto nilikuwa nagonga ukingo wa beseni kwa kikombe cha bati. Maji yakajikunja duara kwa duara, yakakimbilia katikati, yakagongana, yakarudi. Mama alikuwa anakamua shuka. Akaacha.

"Gonga tena."

Nikagonga.

"Tena. Usiharakishe."

Shuka lilikuwa linamchuruzikia miguuni na wala hakuona. Mwisho akanitupia shuka lote, akafuta mikono kwenye gauni, akaingia ndani kutafuta uzi mweupe. Nguo zote nilianika mimi, huku nikinuna kwamba katika mji mzima hakuna mtoto anayeonewa kama mimi.

Alifuma, akafumua. Akafuma tena, akafumua. Baba alisema kama ni hivyo uzi mmoja utamtosha mpaka uzeeni. Lakini siku moja akakitandaza mezani, tukainama wote kukitazama. Kilikuwa kitambaa cha duara, kimeanzia katikati na kwenda nje mzunguko baada ya mzunguko, vitanzi vya kawaida tu ambavyo hata mtoto wa shule anavijua. Ila kilikuwa hakitulii. Kilipanda na kushuka chenyewe, mawimbi madogo madogo yakizunguka toka ukingoni mpaka kati, sawasawa na lile beseni. Ukikibonyeza kwa kiganja kinalala, ukiondoa mkono kinainuka. Mama akakiita Maji ya Beseni.

Alivifuma vingi baada ya hapo. Alimpa kila aliyeolewa, kila aliyejifungua, kila aliyehamia na kila aliyehama. Majirani walikuja na sindano zao wakakaa mbele yake, macho kwenye mikono yake, wasikose hata kitanzi kimoja. Walirudi makwao wakafuma, na kilichotoka kilikuwa sahani. Duara safi, bapa, isiyo na habari. Walidhani Mama anawabania siri. Maskini, hata yeye hakuwa na la kuwaambia.

"Kaza kidogo, legeza kidogo," alisema. "Mkono wenyewe unajua."

Hata mimi mkono wangu haukujua. Mama alinianzisha, lakini aliyenimalizia ni mwalimu wa ufumaji shuleni, mama mkali aliyetuzungushia uzi kwenye kidole cha shahada mpaka kikawa chekundu, akisema uzi usiobanwa ni kama ng'ombe asiyefungwa. Mama hakuzungushia kidole. Kwake uzi ulipita tu juu ya kiganja na kwenda zake. Nilimwona hivyo mara maelfu na sikuwahi kujiuliza ni nini basi kilichokuwa kinaubana.

Kisha Mama akafariki. Siwezi kulipamba. Aliumwa, akafariki, na vitambaa vyake vyote vilikuwa kwa watu: vingine vimehama na wenyewe, vingine vimefuliwa kwa dawa ya madoa mpaka vikaoza, vingine vimefanywa matambara na mabinti wasiojua ni nini. Kimoja tu kilibaki, kile kilichofunika redio ya Baba.

Mimi nauza katika duka la nyuzi na vifungo. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye ulimi kama wangu, maana wateja wanaokuja kutafuta kifungo kimoja kinachofanana na vingine vitano wanahitaji kuambiwa ukweli. Miongoni mwao alikuwa Mhariri. Sote dukani tulimwita hivyo: mwanamke mrefu, miwani kichwani na nyingine shingoni, mhariri wa jarida la kazi za mikono. Siku moja aliona picha ya kitambaa cha Mama kwenye simu yangu. Alivaa miwani zote mbili.

"Hiki nani amekibuni?"

"Mama yangu."

"Andika maelekezo yake. Nitakitoa jaridani kwa jina lake."

Nilimpimia uzi wake vibaya siku ile, nikampa zaidi. Ni kwa sababu ya yale maneno, kwa jina lake. Mama alivisha mtaa mzima na hakuna pindo hata moja lililoandikwa jina lake. Fundi haandikwi. Nilitaka liandikwe mahali pamoja, juu ya kitu alichokitunga yeye kichwani mwake, shuka likimchuruzikia miguuni. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho.

Basi nikaanza. Nilikwenda kwa Baba, nikakitandaza kitambaa juu ya meza na kukihesabu kwa pini, pini moja kila mwanzo wa mzunguko, lenzi ya mtengeneza saa jichoni. Nikachora kwenye karatasi ya miraba: nukta kwa kitanzi cha mnyororo, msalaba kwa kitanzi kifupi, mstari uliokatwa kwa kirefu. Kisha mchoro nikaugeuza maneno, na hapo ndipo utajua kama unaijua kazi yako. Mkono unafanya jambo kwa kupepesa jicho, lakini kuliandika ili mtu asiyekujua alifanye vile vile, akiwa kwake peke yake, ni kazi ya kukutoa jasho. Nikafuma kwa kufuata maneno yangu mwenyewe. Ikatoka sahani.

Nikajisemea ni mkono wangu. Mhariri akasema ndiyo maana kuna wajaribu. Hawa ni watu wanaopewa maelekezo peke yake, wakafuma bila kumuuliza mwandishi kitu. Wakipotea, kosa ni la maneno. Yeye alikuwa nao watatu anaowaamini: nesi, kinyozi na mwalimu mstaafu wa hesabu. Tukawapelekea, na nikawa sishiki kitu dukani bila kuchungulia simu.

Nesi alikuwa wa kwanza. "Nimekirudia mara mbili," aliandika. "Kimelala kama mgonjwa aliyechomwa sindano ya usingizi."

Kinyozi, ambaye hufuma anaposubiri wateja, alituma picha. "Dada, kazi tamu sana hii. Nimefunikia mtungi wa maji." Mtungi ulikuwa umevaa sahani.

Mwalimu aliturudishia karatasi yangu ikiwa imejaa wino mwekundu, koma zangu zote zimehamishwa. Chini kabisa aliandika: "Hesabu ni sahihi. Mawimbi yako wapi?"

Mhariri akaniita ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la rangi, sampuli zimening'inia mpaka kwenye kitasa cha mlango. Hakuzunguka mbuyu. Ukurasa ulikuwa unangoja na mpiga chapa hangoji mtu.

"Njia ni mbili," alisema. "Ya kwanza, tukitoe hivi kilivyo. Ni kizuri. Tutakiita Kitambaa cha Duara."

"Na jina la mama yangu juu yake?"

"Na jina la mama yako juu yake."

"Hiyo ya pili?"

Alivua miwani moja. "Kifumue kile cha asili. Kitanzi kwa kitanzi, kwa rula. Upime kila kimoja kimekula uzi kiasi gani. Hapo utajua alikaza wapi na alilegeza wapi."

Nilishuka ngazi zile nikiwa na hasira ya kupiga teke mikebe ya rangi. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli.

Baba alinipokea kwa kuniuliza kama nimekula, kama kawaida yake. Redio ilikuwa inasoma habari. Ana utaratibu wake: anakiondoa kitambaa, anakikunja mara mbili, anawasha, habari zikiisha anazima, anakirudisha, anakinyoosha kwa viganja kama anamfunika mtu. Vumbi lake anafuta mwenyewe na haruhusu msaada. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitaweza.

Alizima redio kabla habari hazijaisha.

"Ukishakifumua, kinarudi?"

"Nitakifuma tena kwa uzi ule ule, Baba. Lakini kitakuwa changu. Hakitakuwa chake."

"Na usipokifumua?"

"Watatoa ile sahani, na jina lake juu."

Alikikunjua kile kitambaa magotini. Kidole chake kilikuwa kinafuata wimbi moja, kikizunguka, kikirudi.

"Mama yako hakuwahi kufuma sahani," alisema hatimaye. "Kifumue. Lakini kaa kwenye kiti chake. Sitaki kifumuliwe na mtu aliyesimama."

Nikakaa. Sikuwa nimekikalia kile kiti tangu tumzike, na kilikuwa kimefinyika kwa umbo la mtu mwingine. Nilitoa mkasi, nikaanza kutafuta ukingoni lile fundo la mwisho, maana kitambaa cha duara hufumuliwa kuanzia nje. Baba akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa na ndala za Mama mkononi, zile zile za bluu. Ya kushoto akaiweka karibu na mguu wangu. Ya kulia akaenda nayo mpaka katikati ya kinjia, akainama kwa shida, akailaza mgongo chini.

"Baba, unafanya nini?"

"Naweka mambo yalivyokuwa." Aliona aibu, akajifanya anajikuna sikio. "Unajua, mwanangu, tangu aondoke njia iko nyeupe. Na bado nikifika pale naruka."

Nililia hapo. Nilishasema nitalia. Nililia na mkasi mkononi, na macho yangu ya machozi yakabaki kwenye ile ndala kwa sababu hayakuwa na pengine pa kwenda, na katikati ya kulia nikajikuta nauliza swali ambalo katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Kwa nini alikuwa anavua moja tu?"

"Nani ajuaye? Nilidhani anaupoza mguu. Ule ndio uliokanyaga cherehani kutwa." Akatikisa kichwa. "Na wala haukupumzika. Hata hapo kitini goti lilikuwa linacheza tu chini ya gauni. Nilikuwa namwambia, fundi, duka limefungwa."

Niliuweka mkasi chini.

Uzi wa Mama ulikaa kwenye kopo la maziwa, sakafuni, upande wa kulia wa kiti. Toka kwenye kopo ulipotelea chini ya pindo la gauni, ukatokea tena magotini. Siku zote nilidhani ni gauni tu limeufunika. Majirani wote walitazama mikono. Mimi mwanawe nilitazama mikono. Aliyekuwa akihangaika na mguu ni Baba peke yake, naye alihangaika na ndala.

Nikavua kiatu cha kulia, nikakirusha. Nikatoa uzi na sindano kwenye mkoba, donge nikaliweka chini, uzi nikaupitisha kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata. Kidole cha mkono nikakiacha huru kwa mara ya kwanza tangu shule. Nikaanza kufuma. Ikawa mbaya, imekaza kote.

"Mguu umelala," Baba alisema. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kochi. "Wake haukulala. Kanyaga."

Nikakanyaga. Vidole vikishuka, uzi unavutika, vitanzi vinatoka vidogo. Kisigino kikishuka, vidole vinainuka, uzi unalegea, vitanzi vinatanuka. Kaza kidogo, legeza kidogo. Mguu ulikuwa na mwendo wake na mkono una wake, havikungojana, ndiyo maana wimbi halikukaa mahali pamoja bali lilizunguka. Mama alikuwa bado anashona. Kibanda kimefungwa, sare za watu zimekunjwa, naye mguu wake ulikuwa unaendelea na kazi bila kumwambia.

Nilipofikisha kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakitandaza juu ya meza. Kikainuka.

Baba alikibonyeza kwa kidole. Kikalala. Akaondoa kidole, kikainuka. Akarudia mara kadhaa. Kisha akachukua kitambaa cha Mama, kizima, akakirudisha juu ya redio na kukinyoosha kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikaenda kumshika. Sidhani kama tumewahi kukumbatiana kwa muda mrefu hivyo, mimi na yeye, tena mimi nikiwa na kiatu kimoja.

Mhariri nilipomweleza alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Siwezi kuwaambia wasomaji wafume kwa miguu. Watasema tumerukwa na akili." Akashauri sindano mbili, nyembamba na nene, mtu awe anabadilisha. Nilimjaribia ili asiseme nina kichwa kigumu. Ikatoka ngazi badala ya mawimbi. Nikamtupia mezani. Akaibonyeza, akakunja uso, akapiga simu kwa wajaribu.

Safari hii wote walijibu kwa picha za miguu. Nesi alipaka rangi kucha kwa ajili ya tukio. Kinyozi alipigia picha chini ya kiti cha kunyolea, mguu wake mmoja peku kati ya nywele za watu, na kitambaa kimetuna magotini kama kinapumua. "Dada," aliandika, "mtungi sasa una maji." Mwalimu mstaafu hakukosa la kusahihisha: "Mawimbi yapo. Goti linauma. Ongeza: mguu uoshwe kwanza."

Tuliongeza.

Jarida lilipotoka nilikwenda nalo kwa Baba moja kwa moja kutoka kwa Mhariri, bado linanuka wino. Nikavua viatu, nikakalia kiti cha Mama, nikaendelea na kitambaa nilichokuwa nakifuma, nikimwacha asome mwenyewe. Alisimama dirishani, jarida amelisogeza mbali na uso kama anavyofanya. Aliyasoma majina ya Mama kwa sauti, yote matatu, polepole. Kisha akasoma maelekezo. Kabla ya unene wa uzi, kabla ya namba ya sindano, mstari wa kwanza ulisema: Vua kiatu cha kulia, ukiache njiani.

"Ukiache njiani?" akauliza. "Hiyo nayo inasaidia nini kwenye ufumaji?"

"Mhariri naye aliniuliza hivyo hivyo."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hilo ni lako."

Alilikunja jarida kwa uangalifu, akaligandamiza kifuani, akaanza kwenda kwenye redio, macho yameloa, hatazami chini. Kiatu changu cha kulia kilikuwa pale katikati ya kinjia. Akajikwaa, akajishika kwenye kochi.

"Nyumba hii," alianza, "ina watu wazima wawili..."

Akaishia hapo. Sikuinua macho kutoka kwenye krosheti yangu, maana kama ningeinua tusingemaliza siku ile.

"Pita kule," nikasema.

Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akajibana kwenye kochi, ubavu ubavu, akakiacha kiatu pale kilipo, akapita kule ambako miaka yote alisema hakuna.